Mfinyanzi wa Fumba

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya mtu aliyekaa dukani. Mwenye duka Darajani anaweza kumngoja mteja huku amekunja miguu kwenye jamvi, bidhaa zimetandikwa, kikombe cha kahawa mkononi. Mwanamke aliyetoka Fumba alfajiri na vyungu kichwani hana duka. Chungu chake, kiwe chema namna gani, hakina miguu. Lazima akitembeze mwenyewe, kichochoro kwa kichochoro, na kwa kuwa nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene na madirisha yaliyo juu, lazima apaze sauti imfikie mpishi aliye uani na bibi aliye ghorofani. Hivyo ndivyo mwimbaji mkubwa kuliko wote waliopata kutoka Unguja alivyoanza kujifunza kazi yake. Mwalimu wa muziki alikuja baadaye sana. Walimu wake wa mwanzo ni vyungu vizito na kuta nene.

Leo tunamwita Siti binti Saad, na wengi wetu hatujui kuwa aliwahi kuitwa vingine. Alizaliwa Fumba, kusini-magharibi ya Unguja, mnamo mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Ukoo wa baba ulitoka Unyamwezi, upande wa Tabora. Wa mama ulikuwa wa Kizigua. Mtu wa Unguja ya wakati ule akilisikia jina hilo hakuwa na haja ya kuuliza zaidi. Soko la watumwa la mjini lilifungwa mwaka 1873, kabla hajazaliwa, na utumwa wenyewe ukafutwa kwa sheria mwaka 1897, yeye akiwa msichana wa miaka kumi na saba hivi. Lakini serikali hufuta daftari lake, na midomo ya watu ina daftari jingine. Mtoto wa mtumwa alibaki mtoto wa mtumwa. Na aliyetoka shamba alishushwa daraja moja zaidi. Shamba, kwetu Unguja, ni kila mahali pasipokuwa mjini, na hadi leo mtu akitaka kukukata maini kwa neno moja atakwambia una ushamba.

Ufinyanzi wa kwetu ni kazi ya wanawake, tena ya mikono mitupu, bila gurudumu. Udongo unachimbwa, unaanikwa, unatwangwa, unachambuliwa kokoto moja moja kwa vidole, maana kokoto ndogo kama punje ya mtama inatosha kukipasua chungu motoni. Kisha unakandwa na maji mpaka unyooke bila kukatika. Mfinyanzi anakaa chini, donge mbele yake, analitoboa kwa ngumi na kulipandisha kuta kwa vidole huku analizunguka, maana hapo anayezunguka ni mtu, chungu kimetulia. Kinalainishwa, kinaanikwa kivulini kisije kikashtuliwa na jua, halafu kinafunikwa makuti na kuni na kuchomwa. Kikilia motoni, kazi ya siku nyingi imekwenda. Vikitoka salama, kuna vyungu vya kupikia, mitungi ya maji, vibia, makaango, vyetezo vya kufukizia udi. Chetezo cha mfinyanzi wa shamba huingia chumba cha bi harusi. Mfinyanzi mwenyewe huishia mlangoni.

Naeleza haya kwa kirefu kwa sababu simulizi tunazozirudia juu ya Siti hupita hapa mbiombio. Tunaambiwa alikuwa maskini, alifinyanga, kisha Mungu akampa sauti, akapata jina, akaimba mbele ya wafalme. Vyungu vimewekwa kwenye hadithi ili tuone alikotoka palivyokuwa chini. Mimi naona palikuwa chuoni kwake. Mchuuzi wa mitaani anajua nyumba ipi ina ugomvi, ipi ina msiba, nani kaacha mke, karani yupi kajenga ghafla. Anajua neno lipi litamfanya mtu achungulie dirishani. Mwanamke huyo alipoanza kuimba kwa Kiswahili mbele ya watu, hakuwa na la kujifunza kuhusu mji. Mji ulikuwa umeshamwambia kila kitu kupitia milango ya nyuma.

Alihamia mjini mwaka 1911. Ukisema "mjini" Mzungu au mtalii hufikiria Mji Mkongwe, lakini watu wa namna yake walifikia Ng'ambo, upande wa pili wa ile pwani ndogo iliyoukata mji vipande viwili na ambayo baadaye ilifukiwa ikawa barabara. Huku mawe, huku udongo na makuti. Huku waliomiliki, huku waliowafulia, waliowapikia, waliowabebea na, tangu 1897, waliojaribu kujifunza uhuru unavaliwa vipi. Wanawake waliokuwa wakivaa kaniki, ile nguo nyeusi ya kazi iliyomtambulisha mjakazi kwa mbali, walikuwa wakizitupa na kununua kanga. Ng'ambo ilijaa ngoma, vyama, mashindano na majina mapya. Mtumwa binti Saad naye akapata jina jipya, la heshima, na hilo ndilo lililobaki.

Taarabu aliikuta imeshakaa kitako. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Misri kiasi cha kumpeleka Mohammed Ibrahim huko akajifunze ganuni. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda chama chao, Ikhwan Safaa, ambacho kingalipo, na wakaagiza ala kutoka Misri. Ulikuwa muziki wa wanaume, ukiimbwa kwa Kiarabu, barazani na kumbini mwa watu wenye nafasi. Wengi waliousikiliza hawakuelewa maneno, na sidhani kama jambo hilo liliwasumbua; kutoelewa nako kulikuwa na hadhi yake.

Ni mtu wa chama hicho, Muhsin Ali, aliyeisikia sauti ya mwanamke wa Fumba na kuona kuwa inafaa kulelewa. Akamfundisha kuimba kwa mpangilio wa ala, akamfundisha nyimbo za Kiarabu, akamkutanisha na mafundi. Wakatokea wenzake ambao majina yao hayana budi kutajwa kila anapotajwa yeye: Subeti Ambari, Mbaruk Talsam, Buda Swedi, Mwalimu Shaaban. Siti alijifunza pia kusoma Kurani kwa sauti, jambo ambalo wengi waliozaliwa katika hali yake hawakupewa nafasi nalo utotoni, na akasifika kwa hilo sawa na kwa uimbaji. Mialiko ikaanza. Aliimba katika nyumba za matajiri wa Kiarabu na wa Kihindi, na katika kasri ya Sultani Khalifa bin Harub. Milango ya mbele ikafunguka.

Hapa ndipo wasimuliaji wengi hukaa: kasri, mazulia, zawadi. Mimi nikipewa nafasi ya kuchagua usiku mmoja wa kuwapo, nitaiacha kasri na kwenda nyumbani kwake Ng'ambo, siku ya kawaida, baada ya isha. Wanamuziki wamekuja, majirani wamekuja, waliotoka kazini wamekuja na habari za kazini. Mmoja analeta lililotokea mahakamani, mwingine lililotokea sokoni. Linazungumzwa, linachekwa, linalaaniwa. Mtu anatupa ubeti, mwenzake anausahihisha, udi unatafuta njia yake chini ya maneno. Nyimbo nyingi za kundi lile zilitungwa hivyo, kwa pamoja, na ndiyo maana kuuliza ni yupi hasa aliyetunga wimbo fulani mara nyingi ni kuuliza swali lisilo na mwenyewe. Walikuwa gazeti, katika mji ambao magazeti yake hayakuandikwa kwa ajili ya watu wa Ng'ambo.

Chukua ule unaoitwa "Kijiti". Mwanamke mgeni, mja mzito, alivuka kutoka Dar es Salaam kuja kutembea Unguja. Wenyeji wake wakamtoa usiku kwenda ngomani. Huko palikuwa na ulevi, na palikuwa na mwanamume aliyeitwa Kijiti, ambaye alimfanyia unyama yule mgeni na kumuua. Muuaji akavuka bahari kwenda bara, akawaponyoka. Kesi ikaja mahakamani bila yeye. Wanawake wawili waliotoka na marehemu usiku ule ndio waliosimama mbele ya hakimu, na ndio walioadhibiwa, kwa sababu ya ile pombe.

Kundi la Siti lilifanya wimbo. Lilimtaja mwuaji kwa jina, likaeleza safari, ngoma, kifo, kesi. Ukiusikiliza leo, pamoja na mkwaruzo wote wa sahani kuukuu, unachoshangaa ni jinsi unavyokwenda taratibu, karibu kwa utulivu. Hakuna mahali mwimbaji anapopiga kelele. Mambo yanapangwa yalivyofuatana, msikilizaji anaachiwa mwenyewe aone kuwa aliyeua yuko huru na walioachwa nyuma wamefungwa. Nafikiri mchuuzi ndiye aliyemfundisha hilo. Mwenye chungu kizuri hamwambii mteja kuwa ni kizuri. Anakigonga kwa kidole, mteja akasikia mlio.

Upo na mwingine, "Wala Hapana Hasara", juu ya mtumishi wa serikali aliyekula mali ya watu, akanaswa, akapelekwa jela kufanya kazi ngumu ya mawe. Wanyonge wa Unguja walikuwa wamezoea kuona mwizi wa nazi mbili akifungwa. Kumwona mwenye kalamu akipasua mawe lilikuwa tukio la kusherehekewa, na wimbo ulilisherehekea bila kuficha furaha. Hapa Siti hana huruma hata chembe, na nampenda zaidi kwa hilo. Zipo nyimbo zake za mapenzi, nzuri sana, zinazopigwa hadi leo harusini. Lakini anayemjua kwa hizo peke yake amemjua nusu.

Mwaka 1928 walipanda meli kwenda Bombay. Kampuni ya HMV iliwaingiza studio, ikarekodi nyimbo zao kwa Kiswahili, ikazirudisha pwani ya Afrika Mashariki zikiwa sahani za santuri, kila upande dakika tatu au zaidi kidogo. Fikiria tu hesabu hiyo. Wimbo wa taarabu ukumbini hauna saa. Mwimbaji anarudia ubeti kadiri watunzaji wanavyoinuka, mama mmoja anakuja na noti akicheza taratibu mpaka mbele, hajarudi mwingine ameshasimama. Bombay hakukuwa na wa kutunza. Kulikuwa na mashine, na mhandisi asiyejua wanaimba nini. Kisa kizima cha Kijiti, na kesi yake, kilipaswa kuisha kabla sindano haijafika katikati ya sahani. Kwenye karatasi ya katikati ya sahani hizo kulikuwa na picha ya mbwa ameinamia pembe ya gramafoni, anaisikiliza sauti ya bwana wake. Na pembeni ya mbwa huyo likachapishwa jina la binti aliyezaliwa akiitwa Mtumwa. Sijui kama kuna aliyelitazama jambo hilo mara mbili wakati ule.

Mwaka huohuo wa 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja walivyojenga vibanda vyao. Waliambiana kuwa mtu aliyejenga kwa mkono wake halipi kodi ya kukanyaga ardhi. Siti hakuongoza mgomo, wala sitaki kumpachika cheo hicho. Ila waliogoma na waliokaa kwenye jamvi lake jioni walikuwa watu wa mitaa ileile, na watu waliozoea kusikia habari zao zikiimbwa kwa lugha yao hawawi wepesi wa kunyamazishwa.

Sahani ziliuzwa kwa makumi ya maelfu katika miaka michache, madukani kwa Wahindi, toka Unguja hadi Mombasa, Dar es Salaam, Tanga, na mbali zaidi barani. Aliyekuwa na gramafoni moja alikuwa na baraza lililojaa. Mikahawani watu waliagiza kahawa ili wapate haki ya kukaa na kusikiliza. Mtu wa Tabora, asili ya babaye Siti, alimsikia binti huyo bila kumwona, na bila mtu yeyote kumwambia huyu ni nani na kazaliwaje. Sahani haina sura. Nadhani ndiyo sababu mojawapo bara ilimpenda bila masharti, wakati nyumbani walikuwamo waliompenda kwa kubana meno.

Maana waliobana meno walikuwapo. Alipokwisha kupata jina, watu walimtungia wimbo wa kumwuliza tangu lini naye akawa mtu. Wakamkumbusha shamba alikotoka na kaniki alizokuja nazo. Wakasema lau si sauti asingekuwa na la kula. Wimbo huo ulidumu, na watu wazima wengi wa Unguja bado wanaukumbuka, ambalo si jambo la kujivunia. Yeye alijibu kwa wimbo, akisema kwa maneno yake kuwa sura na nasaba si hoja. Hoja aliyoitaja ni akili. Wengi hulinukuu jibu hilo kama mfano wa uvumilivu. Kwangu ni jibu la mtu aliyejua kabisa thamani ya alichonacho. Wao walisema sauti, kana kwamba ni bahati aliyookota njiani. Yeye akasema akili, yaani kazi.

Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Miezi michache kabla ya hapo Shaaban Robert alimfikia na kumhoji, na matunda yake ni kitabu tunachokijua, *Wasifu wa Siti binti Saad*. Tuna deni kwa kitabu hicho. Katika maandishi ya Kiswahili ya zama zile nani mwingine aliona kuwa maisha ya mfinyanzi mwanamke, mzao wa watumwa, yanastahili wasifu? Lakini Shaaban Robert alikuwa mwalimu wa maadili hata alipoandika wasifu, na mkono wake ulimwinua Siti mpaka akawa mfano wa kuigwa: mvumilivu, mpole, mwenye shukrani. Hizo ni sifa za kweli, sina shaka. Tatizo ni kuwa vizazi vilivyofuata tulichukua sifa tukaacha ulimi. Tukampa picha ukutani, tukampa "malkia wa taarabu", na leo ukimuuliza mwanafunzi wa shule Siti aliimba nini atakwambia aliimba taarabu, kama vile taarabu ni chakula.

Wapo waliomkumbuka kwa ulimi. Chama cha waandishi wa habari wanawake wa Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilipotaka jina la jarida lake kilichagua *Sauti ya Siti*. Waliochagua walikuwa waandishi, na walimtambua mwenzao.

Yuko na mwingine wa shamba ambaye mji ulishindwa kumsafisha, kwa kuwa hakukubali kukaa kitini asafishwe. Fatuma binti Baraka, Bi Kidude, alizaliwa Mfagimaringo, binti wa mchuuzi wa nazi. Mwaka wa kuzaliwa kwake haujulikani, na yeye mwenyewe alilifanyia mzaha jambo hilo miaka nenda miaka rudi. Alikimbia ndoa aliyolazimishwa, akazunguka bara, akarudi, akaishi Ng'ambo akiwa mpiga ngoma ya unyago, mwalimu wa wari, muuza wanja na hina. Nyimbo za Siti alizijua kwa kuzisikia. "Muhogo wa Jang'ombe" wa Siti aliuimba mpaka vijana wengi wakaamini ni wake tangu mwanzo, na kwa namna fulani ukawa wake kweli.

Tofauti yao inafundisha. Siti aliingia ukumbini akakubali masharti ya ukumbi: ala za Misri, adabu ya baraza, Kiarabu pale kilipotakiwa. Kisha ndani ya adabu hiyo akasema alichotaka. Bi Kidude alikuja na sigara yake, na msondo wake ameufunga kiunoni, amesimama miguu wazi kama dume, akaupiga mbele ya watu wa Ulaya kama alivyoupiga mbele ya wari Raha Leo. Sauti yake ilikwaruza, na hakuiomba radhi. Alipokwisha kuwa bibi kizee ndipo dunia ilipomwita: alizunguka Ulaya na hata Japani, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX. Mwaka 2006 ikatoka filamu juu yake. Kila tamasha la Sauti za Busara lililofanyika Ngome Kongwe katika miaka yake ya mwisho, umati ulimngoja yeye. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013, akazikwa Kitumba, shamba, na viongozi wakuu wa nchi walihudhuria.

Nilipokuwa nikiwasikia watu wakimsifu baada ya maziko nilikumbuka kuwa baadhi yao, enzi za uhai wake, walimwona ni aibu kuonyeshwa kwa wageni. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Bi Kidude alitunzwa kwanza ugenini, na alipokufa kila mtu akawa jamaa yake.

Tungeweza kumwacha Siti na wasifu wake mzuri kama isingekuwa jambo moja. Unguja ya sasa inafanana na ya kwake zaidi ya tunavyopenda kukiri. Mji Mkongwe umejaa hoteli. Wanaofagia, kufua na kupika ndani yake wanarudi jioni Ng'ambo na shamba kwa daladala. Fumba yenyewe, rasi ile ya wavuvi na wafinyanzi, inajengwa mji mpya wa nyumba za kuuzwa na kupangishwa, na matangazo yake yanaonyesha bahari ileile aliyokua akiitazama. Visa vinavyofanana na cha Kijiti havijakoma. Wenye kalamu wanaokula mali ya umma nao hawajakoma. Kilichopungua ni nyimbo zinazowataja. Taarabu yetu ya leo ina ala za umeme na mipasho ya kumchoma jirani, na mimi siidharau mipasho, ina utamu wake. Lakini mpasho unamchoma jirani ambaye hana cheo. Siti alimchoma mwenye cheo.

Lipo tumaini dogo, na lina jina lilelile. Kitukuu chake, Siti Muharam, alitoa mwaka 2020 albamu iliyoitwa *Siti of Unguja*, ndani yake zikiwamo nyimbo za bibi yake, zimepigwa upya na wanamuziki wa hapa na wa ng'ambo ya bahari. Nimeisikiliza nikiwa na wasiwasi wa kawaida wa mtu anayeogopa kuharibiwa kitu chake. Wasiwasi ulipungua. Sauti si ileile, na haifai iwe ileile, ila kisa kinasikika, na hilo ndilo la msingi.

Lakini nyimbo zenyewe za awali ziko wapi? Baadhi ziko kwenye maktaba za Ulaya, baadhi kwa wakusanyaji wanaozinunua kwa bei kubwa, na baadhi, naamini, ziko humuhumu kwetu: darini, chini ya vitanda vya besera, ndani ya masanduku ya Kihindi ambayo hayajafunguliwa tangu bibi afariki. Sahani za zamani ni nzito, nyeusi, na zinavunjika kama kigae. Basi wewe unayesoma haya, wa Malindi au Mkunazini, wa Kikwajuni au Makunduchi, wa Pemba, Tanga, Lamu, Mombasa, hata Maskati: kabla hujamwita mtu wa vyuma chakavu aje kuchukua "takataka za wazee", fungua lile sanduku. Ukikuta sahani yenye picha ya mbwa na jina la Siti, au la Mbaruk, au la Subeti, ifunge kwa nguo laini, isimamishe wima, usiilaze chini ya kitu kizito, na uipeleke Nyaraka za Taifa, Kilimani, au angalau umwite kijana mwenye kujua arekodi sauti iliyomo. Iliyopata ufa nayo ipeleke.